Kupiga rangi upya dashibodi ya bati ya Beetle ya 1965 nyumbani, nianzie wapi?

MwanaWaBeetle

Wakuu habari zenu. Nina Volkswagen Beetle ya 1965 niliyoachiwa na marehemu baba, injini inawaka vizuri, breki nimeshazishughulikia, sasa kinachoninyima raha ni dashibodi. Kwa wasioijua hii gari, dashibodi yake ni bati tupu lililochomelewa kwenye bodi, sio kitu cha kufungua nati nne ukaenda nacho mezani. Miaka ya nyuma kuna mtu aliipaka rangi ya kijivu kwa brashi, nikikaa kwa dereva jua likipiga naiona mistari ya brashi yote, alafu pale juu inapokutana na kioo cha mbele imepasuka pasuka kama tope la bwawa lililokauka, ukipitisha ukucha inabanduka vipande. Na chini ya swichi ya funguo kuna alama ya nusu duara, lile fungu la funguo la mzee lilikuwa linaning'inia pale linagonga gonga kila gari ikiruka shimo mpaka rangi ikaisha, bati limeonekana na limeanza kutu.

Nataka niipige mwenyewe. Sina kompresa wala gani (bunduki ya kupulizia rangi), nitatumia makopo ya spirei. Ninachojiuliza ni kama lazima nitoe kioo cha mbele, na kama nikwangue rangi yote mpaka bati au nipige msasa tu juu juu nipulize. Pia nakiri kwa miaka mingi nimekuwa naifuta dashibodi na ile dawa ya kung'arisha dashibodi, ile inayoacha mafuta mafuta yanayong'aa, sijui kama ina madhara. Na rangi yenyewe nichague vipi, maana hii kijivu najua sio ya kiwandani.

Mwenye uzoefu anisaidie, sitaki kuharibu gari ya mzee.

GaniNaKompresa

Mkuu pole na msiba, na hongera kwa kuitunza hiyo gari. Nimepiga dashibodi za Beetle kadhaa za miaka hiyo kabla ya 1968, kwahiyo nakwambia nilichokifanya kwa mikono.

Kabla ya kugusa msasa, nyanyua siti ya nyuma, betri iko pale chini upande wa kulia, toa waya wa negativu kabisa uuweke mbali. Hii usiichukulie poa. Kwenye Beetle tanki la petroli liko kwenye buti la mbele, yaani liko upande wa pili tu wa hilo bati unalotaka kulipulizia. Mvuke wa thina na mvuke wa petroli vikikutana na cheche moja ya waya ulioguswa na bisibisi ni balaa. Kwahiyo betri nje, kifuniko cha tanki kimekaza, milango yote wazi, na usiweke taa ya kuning'iniza ndani ya gari eti uone vizuri. Fanya kazi mchana.

Alafu fungua buti la mbele, toa lile kadibodi linaloficha waya, utaona mgongo wa dashibodi wote. Piga picha na simu, nyingi, karibu na mbali, alafu kila waya utakaochomoa ufunge kipande cha tepu uandike umetoka wapi. Usijiambie utakumbuka, waya za miaka 60 rangi zake zimefifia, nyekundu na kahawia zinafanana. Spidimita inashikwa na skrubu mbili kwa nyuma na waya wake mrefu unafunguka kwa mkono, ile nati ya duara yenye meno meno.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Gari yako kama ni 1965 geji ya mafuta sio ya umeme, inavutwa na kebo nyembamba inayotoka juu ya tanki. Hizo geji za kebo zilianza kwenye gari za 1962 zikaenda mpaka 1967, kabla ya hapo Beetle haikuwa na geji kabisa, ilikuwa na koki ya akiba. Hiyo kebo ukiikunja kwa nguvu ikapinda kona, geji haitasoma sawa tena. Mimi huwa naifungua upande wa tanki, naizungusha taratibu kwa duara kubwa, naifunga na uzi mahali haitakanyagwa.

Vitu vingine vinatoka kirahisi: vitufe vya swichi vinazungushwa, mkono wa kushikia abiria, eshtrei, redio kama ipo, kifuniko cha droo, ule utepe wa alumini unaopita kwenye dashibodi. Huo utepe umeshikwa na vibanio kwa nyuma, usiung'oe kwa bisibisi kutokea mbele utaupinda, visukume kutokea ndani ya buti. Usukani ukiweza utoe pia, kupuliza huku umeuzunguka usukani ndiko kunakoleta sehemu nene na sehemu nyembamba.

Kila kitu kiweke kwenye mfuko wake na skrubu zake.

DadaMsasa

Naomba niongee kwa kirefu kuhusu ile dawa ya kung'arisha maana ndo iliyoniharibia dashibodi yangu ya kwanza na sitaki ikukute.

Nyingi ya zile dawa zina silikoni. Silikoni haikauki ikaisha, inakaa juu ya rangi na kwenye kila ufa. Mimi nilifanya nilivyoona ni sawa, nikaanza na msasa, nikapiga vizuri kabisa mpaka dashibodi ikawa laini kama yai, nikafuta na kitambaa chenye thina, nikapuliza. Dakika haikuisha rangi ikaanza kujivuta, vijishimo vidogo vya duara, katikati unaona praima (rangi ya msingi) na pembeni kuna ukingo, kama macho ya samaki yanakuangalia. Nikapuliza tena juu nikidhani itaziba, yakarudi palepale. Nikasubiri siku mbili nikapiga msasa nikapuliza, yakarudi. Nililia, sitanii, wiki nzima ya kazi imekwenda.

Kosa langu lilikuwa mpangilio. Nilianza na msasa kabla ya kuosha, kwahiyo msasa ukachukua ile silikoni ukaisukuma ndani ya mikwaruzo. Unatakiwa kuosha KWANZA, kabla msasa haujagusa kitu. Anza na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kausha. Kisha chukua ile dawa ya kuondoa nta na mafuta wanayotumia mafundi rangi, na vitambaa viwili. Kimoja unakilowesha unapaka eneo dogo la kama viganja viwili, na kabla halijakauka unafuta na kile kikavu. Ukiacha likauke lenyewe hujasafisha kitu, umehamisha mafuta tu yakalala palepale. Kitambaa kikavu ukigeuze kila mara, kikichafuka tupa. Rudia dashibodi yote mara tatu. Pale juu penye nyufa na kwenye matundu ya spika tumia mswaki laini na ile dawa.

Ukishamaliza weka tone la maji juu. Likitawanyika na kulowesha bati sawasawa uko salama, likijikusanya kama umande kwenye jani la gimbi bado kuna mafuta, rudi tena.

Na kuanzia hapo usiguse dashibodi kwa mkono mtupu, vaa glavu. Ile dawa ya kung'arisha iondoe hata humo ndani ya gari, usiipulize kwenye siti wala kwenye matairi wiki hiyo, inaruka hewani inatua.

Kuhusu kioo, sio lazima ukitoe. Nunua kamba nyembamba ya plastiki, unene kama wa penseli au chini kidogo, ipake maji ya sabuni uisukume chini ya mdomo wa mpira wa kioo polepole kwa kijiko cha plastiki. Mpira unanyanyuka, chini yake unabaki upenyo, unapiga msasa na kupuliza mpaka chini ya mpira, rangi ikikauka unavuta kamba mpira unarudi unafunika ukingo. Hakuna mtu atakayejua kioo hakikutolewa. Ila kama mpira wenyewe umekauka mgumu na una nyufa, ukatwe tu, kioo kitoke na uweke mpya, maana huo utavujisha maji juu ya rangi yako mpya na utarudi kwenye kutu.

BatiTupu

Mimi nitakuwa tofauti kidogo, kwangu hakuna mjadala, kwangua mpaka bati. Hujui chini ya hiyo rangi ya brashi kuna nini, ukipuliza juu ya kitu usichokijua unajenga nyumba juu ya mchanga. Paka dawa ya kubandua rangi, subiri, kwangua, umemaliza.

GaniNaKompresa

@BatiTupu mkuu nakuheshimu ila dawa ya kubandua ndani ya gari hapana. Ile dawa kali mvuke wake ni mzito, mtu ameinama kichwa kiko chini ya dashibodi anauvuta wote, na ikidondoka kwenye mpira wa kioo au kwenye waya inakula. Na kile kipuliza joto cha kubandulia rangi pia sikishauri, kioo cha mbele kiko sentimita chache, kinapasuka, na tanki nimeshasema liko wapi.

Mwanzisha uzi fanya jaribio dogo kwanza. Chukua kitambaa, kiloweshe thina ya selulosi, kibane sehemu iliyojificha, hesabu mpaka 30 alafu sugua. Rangi ikilainika ikahamia kwenye kitambaa au ikajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, hiyo lazima itoke yote, maana thina iliyomo kwenye rangi yako ya spirei itaifanya hivyohivyo ukipuliza juu yake. Isipofanya kitu, ikabaki ngumu na kuacha weusi kidogo tu wa uchafu, hiyo ni rangi iliyoiva vizuri na inaweza kubaki ikawa msingi. Rangi ya kiwandani ya hizo gari iliivishwa kwa joto, ikiwa haijabanduka ni bora kuliko praima yoyote utakayopuliza wewe na mimi nyumbani. Kwanini uitoe?

BatiTupu

Hilo la mvuke nimekuelewa mkuu, mimi nilifanya kwenye gari iliyovuliwa kila kitu, haina kioo wala tanki, kwahiyo mazingira yalikuwa mengine. Jaribio la thina naliunga mkono.

MwanaWaBeetle

Wakuu asanteni sana, nimesoma kila neno. Leo nimetumia siku nzima na nina habari.

Betri nimetoa, picha nimepiga 64. Jaribio la thina nimefanya pembeni ya droo: ile kijivu ya brashi ilijikunja hapohapo, nikafuta ikatoka yote kwenye kitambaa, na chini yake kuna rangi nyingine ambayo thina haikuifanya kitu.

Alafu nikatoa eshtrei. Wakuu, nyuma ya eshtrei, kwenye ule mfuko wa bati ambao jua halijawahi kufika, kuna bluu. Bluu ya bahari iliyoiva, inang'aa kama imepulizwa jana, na imetulia kabisa hakuna mstari wa brashi. Nilikaa nikaiangalia muda mrefu. Mzee aliniambia nikiwa mdogo kuwa gari ilikuwa bluu "ya kweli" na mimi nikadhani anamaanisha hii bluu ya nje ya sasa, kumbe bodi nayo ilishapigwa tena siku za nyuma na bluu iliyopauka zaidi.

Sasa swali, dashibodi niifananishe na bodi ilivyo leo au na ile ya nyuma ya eshtrei? Na ile alama ya funguo za mzee, nikiri roho inasita kuifuta.

KabuletaMbili

Kwa rangi nenda na ya eshtrei bila kusita. Beetle za miaka hiyo dashibodi ilitoka kiwandani na rangi ya bodi. Bluu ya bahari ya 1965 kwenye orodha ya Volkswagen ni L360, ila usiende kwa mchanganya rangi na namba peke yake, kila kampuni ya rangi inatafsiri namba za zamani kivyake. Chukua kifuniko cha droo, geuza upande wa ndani, kama bluu ipo pale isafishe kwa upole na kompaundi (dawa ya kusugulia rangi ing'ae) sehemu ya kama sanduku la kiberiti, peleka kifuniko chenyewe wapime kwa mashine na macho pia, wakuwekee kwenye makopo ya spirei. Yachanganywe yote kwa mkupuo mmoja. Ukirudi wiki ijayo kuongeza kopo moja unaweza kupata bluu nyingine.

Akishakupa, usiangalie kopo, puliza kwenye kadibodi nyeupe, acha ikauke, ipeleke juani karibu na mfuko wa eshtrei. Rangi mbichi na rangi kavu hazifanani.

Alama ya funguo imefika kwenye bati na kuna kutu, hapo hakuna cha kuhifadhi, ukiiacha baada ya miaka miwili utakuwa na tundu. Ipige picha kwa karibu, yenye mwanga mzuri, uichape uiweke kwenye droo pamoja na karatasi za gari. Na ufunguo wa gari uuweke peke yake, usiutundike na funguo za nyumba nzima.

DadaMsasa

Naomba niongezee msasa na vumbi kabla hujaanza.

Rangi za gari za zamani zingine zilitengenezwa na madini ya risasi, kwahiyo usipige msasa mkavu. Tumia msasa wa maji, lowesha, futa ule uji kwa kitambaa cha mvua, usiupeperushe, usifagie. Vaa maski ya kweli ya vumbi laini sio kitambaa, watoto wasiwepo karibu, na nguo hizo zifue peke yake.

Ile ya brashi itoe kwa kitambaa cha thina kidogokidogo na kikwanguo cha plastiki, madirisha na milango wazi na uwe unatoka nje kupumua. Ikishaisha, ile bluu ya zamani ilipo imara piga msasa namba 320 mpaka mng'ao wote ufe. Ilipopasuka pale juu haibaki, endelea mpaka upite nyufa zote, ufa ukibaki utapanda mpaka juu ya rangi mpya baada ya miezi michache ya jua. Kwenye kutu anza na namba 120 mpaka bati liwe jeupe, vijishimo vilivyobaki vyeusi paka kidogo ile dawa ya asidi ya fosfori, ifuate maelekezo yake ya kusuuza na kukausha, usiache asidi chini ya praima.

Ukingo kati ya bati na rangi ya zamani ndo unaoonyesha fundi ni nani. Fumba macho upitishe vidole na glavu nyembamba. Macho yanadanganya, vidole vinasikia ngazi ya unene wa karatasi. Ukisikia ngazi bado, endelea na 320 kisha 400 mpaka vidole visijue rangi inaishia wapi.

GaniNaKompresa

Nije kwenye kupuliza.

Kwanza onyo. Utauziwa makopo ya 2K, yale unabonyeza kitufe chini ya kopo haidena (dawa ya kugandisha rangi) inaingia. Rangi yake ni ngumu na nzuri, lakini haidena ina isosianeti, na hiyo inaweza kukuachia pumu ya maisha. Pua haiwezi kukuonya kwa wakati. Mafundi wanaoipuliza kila siku wanavaa maski inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje. Wewe uko nyumbani kichwa kiko ndani ya gari, iache. Dashibodi haimwagikiwi petroli wala haipigwi na kokoto, 1K ya kawaida, isiyo na haidena, inatosha kabisa ukiiacha ikauke vizuri. Hata kwa hiyo 1K vaa maski yenye vichujio vya mvuke, ile ya vumbi haizuii thina.

Bati lililo wazi lipate praima ya kung'ata, nyembamba tu unaona bati kwa mbali chini yake. Kisha praima nzito ya kujaza, mbili au tatu, dashibodi yote. Ikikauka puliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi yoyote juu yake, piga msasa wa maji namba 400 hadi 600 na kipande cha raba. Palipobaki vidoti vyeusi ni bonde, palipotokea bati ni kilima, unarudia mpaka weusi uishe wote kwa pamoja.

Rangi yenyewe: kopo liwe vuguvugu, lichovye kwenye maji ya uvuguvugu, SIO ya moto wala ya jikoni yanayochemka, alafu litikise dakika mbili kamili tangu usikie goroli inagonga. Umbali sentimita 20 hadi 30. Bonyeza ukiwa nje ya dashibodi, pita, achia ukiwa umeshatoka upande wa pili, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Koti la kwanza liwe la vumbi vumbi, usitamani lifunike. Subiri dakika 10 hadi 15, koti la pili, la tatu. Anza na kona, sehemu za ndani za spidimita na matundu ya spika, malizia na uso mpana. Siku ya mvua au unyevu mwingi usipulize, laka inashika unyevu inageuka ukungu mweupe.

Kwa L360 huhitaji klia (laka angavu ya juu), ilikuwa rangi inayong'aa yenyewe, isiyo na vumbi la chuma. Ukiweka klia inakuwa na kina cha gari ya kisasa, haipendezi humo.

Wiper_6Volt

Swali la pembeni, sehemu ya juu inayoangalia kioo si itaakisi jua machoni? Kwenye gari yangu nyingine niliipiga nyeusi ya kung'aa nikawa naona dashibodi kwenye kioo jioni nzima.

KabuletaMbili

Kwenye Beetle ule ukingo wa juu ni mwembamba na kioo kimesimama, kiko karibu na uso wako, mwakisi sio mkubwa. Kwenye gari yenye kioo kilicholala na dashibodi pana ya bati hapo nakubaliana na wewe, juu ipigwe isiyong'aa.

MwanaWaBeetle

Wakuu nimerudi baada ya siku 12.

Kuosha kumenichukua siku mbili kamili, tone la maji lilijikusanya mara nne kabla halijakubali kutawanyika, dada nakushukuru sana, nisingejua. Macho ya samaki sikuona hata moja.

Kamba chini ya mpira imefanya kazi ila upande wa kulia mpira ulikuwa mgumu, nilimwaga maji ya uvuguvugu nikasubiri ukalegea. Praima imekaa, rangi koti tatu zimekaa vizuri, koti la nne nilikuwa na haraka jua linazama nikasogea karibu sana, na chini kabisa kwenye ukingo wa chini ya droo rangi imetiririka, tone moja refu kama machozi, urefu wa kidole gumba. Nilitaka kulifuta na kidole nikajizuia. Nifanyeje?

GaniNaKompresa

Umefanya vizuri kutoligusa. Sasa liache. Tone ni nene, juu litaonekana kavu ila ndani ni bichi, ukilipiga msasa leo litachanika na kuacha shimo. Wiki nzima, ikiwa baridi wiki mbili. Bonyeza ukucha pembeni yake, ukiacha alama bado.

Likiwa gumu zungushia tepu ya karatasi pande zote ulikaribie, kwa ajili ya kulinda rangi nzuri ya jirani. Kata kipande cha msasa wa maji namba 1000 ukifunge kwenye kitu kigumu kidogo, hata rula fupi, usitumie kidole kwa sababu kidole kinafuata umbo la tone badala ya kulikata. Sugua juu ya tone tu mpaka liwe sawa na wenzake, toa tepu, 1500, kisha 2000, kisha kompaundi kwa mkono. Kompaundi iwe ile isiyo na silikoni.

MwanaWaBeetle

Nimefuata, nimesubiri siku tisa. Tone limeisha, nimempa mdogo wangu atafute lilikokuwa ameshindwa.

Leo asubuhi nimeshikilia eshtrei pembeni ya tundu lake kabla sijairudisha, bluu ya ndani na bluu ya nje, kwa macho yangu ni moja. Mama alitoka nje akasimama mlangoni mwa gari, hakusema kitu, akaweka mkono pale chini ya swichi ambapo funguo zilikuwa zinagonga.

Nimerudisha waya zote kwa picha, geji ya mafuta inasoma, taa zinawaka. Kilichobaki ni spidimita, mkono wa abiria na utepe wa alumini. Naweza kufunga leo?

DadaMsasa

Nimefurahi mpaka machozi kwa ajili yako na mama.

Utepe weka, hauna uzito. Spidimita na mkono wa abiria mpe wiki nyingine mbili, ile 1K juu imekauka ila bado ni laini, ukikaza skrubu raba ya spidimita itazama kwenye rangi na siku ukiitoa itaondoka na pete nzima ya bluu. Ukifunga mkono wa abiria weka kipande chembamba cha raba chini ya kila mguu, kaza kwa vidole kwanza, bisibisi robo mzunguko tu.